Nundu, samaki wangu aliyepofuka

Siku ya kwanza nilidhani amenuna. Ilikuwa Novemba 2019, alfajiri, kabla sijatoka kwenda kazini. Nilitupia chakula kama kawaida, majike wakakimbilia, dume kijana naye akaja, lakini Nundu akabaki chini karibu na jiwe lake akipepea mapezi taratibu. Kipande cha dagaa kikashuka usawa wa jicho lake la kushoto, karibu kabisa, angefungua mdomo tu kingeingia. Hakugeuka. Kikatua mchangani, jike mmoja akaja akakiokota. Nikasema leo bwana hana njaa. Kesho yake ikawa vile vile, ila kipande kilichoshukia upande wa kulia alikidaka kabla hakijafika katikati ya maji. Hapo nikavuta kiti nikakaa mbele ya tangi, kazini nikachelewa. Nikamulika tochi ya simu kwa ubavuni, si usoni moja kwa moja, na ndani ya mboni ya kushoto nikaona weupe mzito kama tui.

Nundu ni frontosa, kwa jina la kitaalamu Cyphotilapia frontosa. Ni wa Ziwa Tanganyika, hapatikani kwa asili penginepo popote duniani, na ni jamii moja na sato na perege ingawa kwa sura huwezi kudhani. Nimezaliwa Ujiji, nimekua nikila dagaa na migebuka wa ziwa lile, na sikuwahi kumwona frontosa hata mara moja mpaka nilipohamia Dar es Salaam. Huyu si samaki wa kufika ufukweni. Anakaa kwenye miamba, kina cha mita 30 hadi 50 na wengine chini zaidi, kwenye mwanga hafifu. Mwaka 2010 nilimkuta kwenye ndoo ya jamaa aliyekuwa anafunga biashara yake ya samaki wa mapambo. Alikuwa na urefu wa kidole cha mwisho. Nikahesabu mistari yake myeusi: saba. Nikarudia: saba. Frontosa wa sehemu nyingi za ziwa wana mistari sita, wale wa upande wetu wa Kigoma ndio wenye saba. Nilimchukua kwa sababu hiyo tu. Nilijiona nimekutana na mtu wa nyumbani.

Akakua polepole, kama wanavyokua frontosa wote. Ile nundu ya kwenye paji la uso ilianza kuonekana mwaka wa nne, na kufikia wakati huu ninaousimulia ilikuwa imevimba hadi mdomo unaonekana mdogo chini yake. Fundi wa vioo alinitengenezea tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, kioo cha milimita 12, lita 540 likijaa. Ndani alikuwemo yeye, majike wanne na dume mmoja kijana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipiga picha ya lile jicho, jioni nikaenda dukani kwa muuza vifaa vya samaki. Aliitazama picha sekunde chache, akanipa chupa ya dawa ya bluu na kuniambia niweke yote. Sikuuliza ni ya ugonjwa gani. Ukishashikwa na wasiwasi, unataka utoke mle dukani na kitu mkononi. Nikaimimina. Maji yakawa rangi ya wino, silikoni ya pembeni ikaingia rangi ambayo mpaka leo haijatoka, na siku ya tatu niliporudi kutoka kazini nikawakuta wote sita wako juu wanatweta.

Nililojifunza usiku ule nilipaswa kulijua miaka tisa kabla. Ndani ya filta wanaishi bakteria wanaobadili amonia ya mikojo na mabaki ya chakula kuwa kitu chenye sumu ndogo zaidi. Methilini bluu, ndiyo ile dawa niliyoimimina, inawaua na wao pia. Bakteria wakifa amonia inapanda, na kwenye maji yenye magadi kama wanayopenda samaki wa Tanganyika amonia inakuwa kali kuliko kwenye maji laini. Nilibadilisha nusu ya maji, nikabadilisha tena, ndoo kwa ndoo kutoka kwenye pipa la akiba, kijana wa jirani akinisaidia mpaka usiku wa manane. Asubuhi jike mkubwa kuliko wote alikuwa amelala ubavu nyuma ya jiwe. Yule jike alikuwa haumwi chochote. Alikufa kwa ajili ya dawa ambayo hata Nundu mwenyewe hakuihitaji.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba jicho la samaki wake limeingia ukungu, kwanza namwomba asinunue kitu. Apime maji. Amonia iwe sifuri, naitraiti, yaani sumu inayotokana na amonia ikianza kubadilishwa na bakteria, nayo sifuri. Kisha amulike kwa pembeni atazame ukungu uko wapi. Ukiwa juu kabisa, kama kioo cha dirisha kilichopuliziwa pumzi, hiyo ni konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, na mara nyingi ni maji machafu au amejikwaruza. Maji yakiwa safi huweza kupona yenyewe. Jicho likiwa limetokeza nje kama linataka kudondoka, hilo ni jambo lingine tena. Lakini juu kukiwa angavu na safi, halafu ndani ya mboni kuna mpira mweupe, huo ni mtoto wa jicho, na hakuna chupa itakayouondoa.

Haya niliyapata kwa mtaalamu wa samaki, rafiki wa dada yangu, aliyekubali kupita nyumbani Jumamosi moja. Alikaa mbele ya tangi kama dakika ishirini bila kusema neno. Halafu akaniuliza kama huwa nakula kichwa cha samaki. Nikamwambia mimi mtu wa Ujiji, nitaachaje kichwa? Akasema, ile gololi nyeupe ngumu unayoitema ukimaliza kunyonya jicho, ile ndiyo lenzi. Samaki akiwa hai ile gololi ni angavu kabisa, unaweza kuisomea gazeti. Moto ndio unaoigeuza kuwa nyeupe, maana protini yake inaiva. Kwa Nundu imegeuka nyeupe bila moto. Na kama ambavyo huwezi kulirudisha yai lililoiva likawa bichi, hutaweza kuirudisha hii.

Nikataka kujua sababu. Akanitajia kadhaa. Kuna minyoo midogo ya jicho, Diplostomum, ambayo mayai yake hutoka kwa ndege wanaokula samaki, mabuu wakapita kwa konokono, kisha wakaingia mwilini mwa samaki na kupanda mpaka kwenye lenzi. Samaki akipofuka anaelea juu juu, ndege anamchukua kirahisi, mzunguko unakamilika. Lakini Nundu alikuwa ndani ya kioo tangu akiwa kidole, hakuna ndege wala konokono, basi hiyo tukaiweka kando. Kuna kugongwa, kuna uzee. Kisha akauliza anakula nini.

Nilimwonyesha chupa. Ilikuwa chupa kubwa ya kioo, ipo dirishani, imejaa dagaa wa Kigoma wakavu. Mama alikuwa ananitumia gunia dogo kila msimu, nusu tunakula sisi, nusu la Nundu. Miaka mingi hakula kingine cha maana. Nilikuwa naona fahari: samaki wa ziwa letu anakula dagaa wa ziwa letu, ipo lishe gani kuliko hiyo?

Yule bwana aliigeuza ile chupa juani, akairudisha taratibu. Akasema dagaa ni chakula kizuri, lakini hawa wameanikwa mchangani siku nzima, wamekaa ghalani, wamesafiri, na sasa wako dirishani miezi. Vitamini B2 huharibiwa na mwanga. Na upungufu wake ni mojawapo ya sababu zinazojulikana za mtoto wa jicho kwa samaki wanaofugwa. Hakusema ndiyo iliyompofusha Nundu; alisema hawezi kulithibitisha. Ila niliisoma ile chupa vizuri mwenyewe.

Tangu siku hiyo nikabadili chakula. Kila wiki mbili nilikwenda Feri, soko la samaki pale Magogoni, nikanunua kamba wadogo wabichi, nikamenya, nikakata vipande vya ukubwa wa punje ya harage na kugandisha kwenye friji kwa mafungu ya siku moja moja. Nikachanganya na chakula cha punje kinachozama, kilichofunguliwa karibuni, nikikifungia kwenye kopo lisilopitisha mwanga. Dagaa wakahamia jikoni. Sijui kama iliokoa chochote. Jicho la kulia lilibaki angavu mwaka mzima na zaidi, na nilikuwa nalimulika kila Ijumaa kama mtu anayekagua pesa bandia.

Wakati huo matatizo yalikuwa ya upande mmoja tu. Dume kijana aligundua kabla yangu kwamba kushoto hakuna ulinzi. Frontosa wana ngazi zao za ukubwa, dume mmoja anatawala na wengine wanajua nafasi zao, na kijana alikuwa ameishi chini ya Nundu kwa adabu miaka mitatu. Sasa akawa anakuja kwa kushoto tu. Anamchuna pezi la mkia, anarudi. Nundu anageuka upande mzima ili amwone kwa jicho la kulia, kijana ameshahama. Nilitenga tangi kwa wavu mgumu wa plastiki, wiki tatu nikaona wote hawana raha, mwisho nikampeleka kijana kwa mfugaji mwingine Tabata. Majike watatu wakabaki na Nundu, na kwa kweli hawakuwahi kumsumbua.

Jicho la kulia lilianza kuingia ukungu mapema 2021. Safari hii sikukimbilia dukani. Nililifuata wiki kwa wiki, kitone, kisha pete, kisha mpira mzima. Na ngozi yake ikabadilika. Nafasi nyeupe kati ya mistari zikawa kijivu, halafu karibu nyeusi, akawa kama samaki aliyepita kwenye moshi. Nilidhani ni ugonjwa mpya mpaka yule mtaalamu akaniambia kwa simu kwamba samaki hupima rangi ya mahali kwa macho ndipo hurekebisha rangi ya ngozi. Macho yakikosa mwanga, mwili unadhani upo gizani muda wote, unajitia giza.

Miezi hiyo hiyo Mama alikuja kutoka Ujiji kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili, tena ulioiva. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea. Nilisogeza makochi ukutani, nikatoa kigoda kilichokuwa karibu na mlango wa chumba chake, nikahamisha meza ndogo, sebule yote ikawa uwanja. Nilitaka apite bila kujikwaa.

Alfajiri ya kwanza aliamka kuchukua udhu, nikasikia kishindo na sauti yake. Nikatoka mbio. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, ameshika goti, mbele yake ile meza ndogo niliyoihamisha.

"Shikamoo Mama. Umeumia?"

"Marahaba. Hapa palikuwa na kigoda. Nikitoka chumbani nakipata kwa mkono wa kushoto, halafu hatua nne, mlango wa choo. Nani amekitoa?"

"Mimi Mama. Nilikupisha njia."

"Njia ninayo mwanangu. Wewe niachie vitu vyangu palepale."

Alikuwa ameshakaa kwangu mara mbili huko nyuma, macho yakiwa mazima kidogo, na aliibeba nyumba yangu kichwani mpaka Ujiji na kurudi nayo. Mimi ndiye niliyeivuruga. Nikarudisha kigoda, nikarudisha meza, nikarudisha makochi mpaka kwenye alama zake za vumbi.

Nilipomaliza nikalitazama tangi. Siku mbili kabla nililisafisha, na kama desturi yangu nilipanga mawe upya. Nilipenda kubadilibadili: leo pango kushoto, mwezi ujao kulia, ili wageni waone kitu kipya. Nundu alikuwa na kovu bichi juu ya nundu yake, magamba matatu yametoka. Nilikuwa nimelihusisha na yule kijana, ingawa kijana alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka. Nililichukua daftari la picha kwenye simu, nikatafuta picha ya tangi ya mwezi uliopita, nikaingiza mkono nikarudisha kila jiwe lilipokuwa. Yale yenye ncha kali nikayatoa kabisa, mahali pake nikalaza vyungu vya udongo vilivyopasuliwa nusu na kusuguliwa kingo. Tangu siku ile hakuna jiwe lililohama. Nikisafisha, navuta uchafu kwa mpira wa kunyonya kuzunguka mawe, sinyanyui. Hata jike akichimba mchanga na kusogeza kitu, nakirudisha.

Ndani ya majuma mawili Nundu alikuwa anapita katikati ya chungu na jiwe kubwa, penye nafasi isiyozidi kiganja, bila kugusa kokote.

Kumlisha ndiko kulikochukua muda. Kipofu hawezi kushindana na majike wanaoona, na chakula kikitawanyika kinaozea pembeni. Nikakata bomba la plastiki la nusu inchi, lile la mafundi wa maji, urefu wa sentimita 70. Chini, kona ya mbele kulia, niliweka kisosi cha udongo. Kila alfajiri nagonga mfuniko wa mbao mara mbili kwa kidole, sigongi kioo maana kioo humshtua, kisha nasimamisha bomba juu ya kisosi na kuteremsha vipande vya kamba kimoja kimoja. Majike nawalisha upande wa pili kwa wakati ule ule ili wasije. Siku za mwanzo alizunguka tangi zima akitafuta harufu. Anafika sentimita mbili kutoka kwenye kisosi, anapita, anarudi, na mimi mkono umekufa ganzi. Nilijizuia kumsogezea chakula mdomoni, ingawa mara mbili nilishindwa. Wiki ya tatu, nikigonga tu, anatoka chunguni, anashuka na ukuta wa mbele mpaka kona, anaweka kidevu kwenye ukingo wa kisosi na kusubiri.

Mama ndiye aliyeipenda ile saa kuliko sote. Alikuwa anangoja tarehe yake ya hospitali, anakaa kwenye kigoda kando ya tangi na tasbihi yake, na baada ya kugonga ananiuliza, "Amekuja?" Nikimwambia amekuja, anaitikia "Haya," anaendelea.

Siku moja aliuliza kama na huyu hawezi kuwekewa kioo kipya kama atakavyowekewa yeye. Nikamweleza kwamba binadamu anatolewa lenzi iliyoharibika anawekewa ya plastiki, lakini hapa kwetu simjui wa kumfanyia samaki. Alinyamaza muda. Akasema, "Basi mwache na nyumba yake."

Alipasuliwa jicho la kulia Agosti. Siku ya kufunguliwa bandeji tulirudi nyumbani, akapita moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akaweka uso karibu na kioo. Muda wote ule alikuwa hajamwona vizuri, alikuwa anaona kivuli tu kinapita. Mistari ilikuwa imezama ndani ya weusi, lakini taa ya juu ikimpiga bado ilihesabika. Akahesabu kwa kidole, akarudia, sawasawa na nilivyofanya mimi mwaka 2010. "Saba. Kumbe wa kwetu?"

Watu huniuliza kwa nini nisimrudishe ziwani, na wa Kigoma huniuliza zaidi. Swali lina haki yake. Lakini samaki aliyekaa tangini miaka yote hii anaweza kubeba magonjwa ambayo ziwa halina, na kipofu kwenye miamba ile asingemaliza wiki. Wapo fisi maji, wapo minandi, yupo swila wa majini anayewinda katikati ya mawe. Wengine wanasema kwa wema kabisa kwamba kumweka hai kipofu ni kumtesa. Hilo nimelifikiri usiku mwingi. Huwa namtazama: anakula, amenona, anachimba shimo lake mchangani kila jioni, mapezi yamekunjuka. Samaki anayeteseka hakunjui mapezi hivyo.

Na macho si mlango wake pekee. Ubavuni mwa samaki kuna mstari mwembamba, unaonekana vizuri hata kwa sato ukiwa unampaa magamba, kama mshono. Mle ndani mna vinyweleo vinavyohisi kila mtikisiko wa maji. Kongo kuna samaki walioishi vizazi na vizazi bila macho kabisa: Caecobarbus geertsii wa mapango ya Mbanza-Ngungu, aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 1921, na Lamprologus lethops wa vilindi vya Mto Kongo wa chini, aliyeandikwa 1976, ambaye ni jamii moja na Nundu. Hao wamezaliwa hivyo na Nundu amepotewa ukubwani, si sawa. Ila ule mshono wanao wote.

Nguvu yake niliijua umeme ulipokatika. Ilikuwa saa saba usiku, filta ikanyamaza, na baada ya dakika chache nikasikia kitu kinagonga sebuleni. Nilimkuta Nundu anakwenda ukutani kwa paji la uso, anarudi nyuma, anakwenda tena. Majike wametulia, yeye tu. Ilinichukua muda kuelewa. Maji ya filta yalikuwa yanatoka kona ya nyuma kushoto, mchana na usiku, miaka yote. Kwangu ule ulikuwa mkondo wa kusafishia maji. Kwake ulikuwa ndio kigoda cha mlangoni. Ukikatika, pande zote za dunia zinafanana.

Nilinawa mkono bila sabuni, nikauingiza mpaka kiwiko kwenye kona ile ile, nikaanza kusukuma maji taratibu kwa kiganja. Alijigonga mara mbili tatu zaidi. Kisha akasimama. Kisha akageuka, pole pole, akaelekea mkondo, akaja mpaka magamba yake yakagusa kifundo cha mkono wangu, akakaa hapo. Nikiacha kusukuma, anaanza kuhangaika. Binti yangu aliamka, akaleta kigoda cha bibi yake, tukapokezana mikono hadi umeme uliporudi karibu na saa kumi. Mwisho wa mwezi nilinunua pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe umeme ukikatika, nikaifunga kona ile ile. Na mfuniko nikauwekea uzito, maana samaki aliyeshtuka huruka, na asiyeona haoni anarukia wapi. Taa nazo siwashi ghafla tena. Nafungua pazia kwanza, dakika chache ndipo taa.

Siku ile ya kwanza yule mtaalamu aliniambia jambo moja zaidi akiwa mlangoni anavaa viatu. Alisema ikifika siku hali tena, amekonda, amelala ubavu, nisimwache siku nyingi katika hali ile. Mafuta ya karafuu. Yana eujenoli, ambayo wataalamu huitumia kumlaza samaki. Kidogo analala, ukizidisha haamki. Nilikwenda Kariakoo nikanunua chupa ndogo ya mafuta ya Pemba, nikaiweka kwenye droo chini ya tangi. Sikumwambia mtu nyumbani. Kila nilipofungua ile droo kuchukua mpira wa kunyonyea uchafu, niliiona.

Mwaka jana, usiku, binti yangu aliamka analia jino. Duka la dawa limefungwa, nimetafuta kabatini hakuna kitu. Nikakumbuka droo. Kizibo kilikuwa hakijawahi kuguswa, ilibidi nikikate kwa kisu. Nikachovya pamba, nikamwekea kwenye jino, nyumba nzima ikanukia karafuu, na baada ya nusu saa akalala. Chupa sikuirudisha kule chini. Iko jikoni, juu ya kabati, pamoja na asali na dawa ya kikohozi.

Kulikuwa kunapambazuka. Nikafungua pazia, nikanawa mkono mpaka harufu ikaisha, nikagonga mfuniko mara mbili. Niliposimamisha bomba juu ya kisosi likatikisika kidogo mkononi. Alikuwa ameshafika.